Kuota Lenyewe Si Kuwa la Asili

Wiki hii nimeyasikia tena, safari hii kwa kijana anayetembeza wageni njia ya Jozani, msitu wa hapa Unguja: "Ua hili halikupandwa na mtu, basi ni la asili." Mkononi ameshika kichala cha lantana. Lantana! Kwao ni Amerika ya kitropiki. Watu waliieneza duniani kwa ajili ya bustani, ndege wakala matunda na kutawanya mbegu. Na lile ua la rangi ya waridi la petali tano linalojiotea kwenye nyufa za kuta, kwao Madagaska.

Mmea kujiotea ni tabia yake tu, hakukuambii umetoka wapi.

Tazameni asumini. Ile tunayotungia makoja asili yake Asia ya Kusini, na kila jani lake ni moja, zima. Huko maweni, kwenye ardhi ya mawe, juu ya vichaka, hutambaa asumini nyingine ambayo watu huifyeka kama gugu. Ua lake pia jeupe, lina mrija mwembamba, linanukia. Usiliangalie ua, shika jani: limegawanyika vijani vitatu, cha kati kikubwa kuliko wenziwe. Hiyo ndiyo ya Afrika. Jina lake la kitaalamu ni Jasminum fluminense, yaani ya Rio de Janeiro, kwa sababu mtaalamu aliyeipa jina aliikuta Brazili, ilikokwisha kupelekwa kutoka huku. Kosa ni lile lile la kijana wetu, na limeandikwa kwa Kilatini hadi leo.

Wengine hunijibu: "Lakini ua la asumini bibi zetu wamelitumia tangu zamani." Kweli, na mila hiyo ni yetu kabisa. Ila fungua kikuba cha biharusi uone: asumini ya Asia imelala pamoja na kilua, ua la mkilua wa pwani yetu. Langilangi nayo, tunayoringia kwa wageni, imetoka Asia ya Kusini-Mashariki. Ni jamaa ya mkilua na ya mstafeli, ndiyo maana watu huwachanganya: petali sita, tatu nje, tatu ndani. Za langilangi ni ndefu, nyembamba, zinaning'inia kama utepe uliolowa.

Gloriosa superba ni ya asili bila shaka. Ncha ya jani hujikunja kushika tawi, petali nyekundu na njano zimepinduka juu, na ule uzi wa kike umepinda ubavuni. Kiazi chake kina sumu ya kolchisini, kinaua. Neno "asili" lisikudanganye ukakichimba ukafanya dawa.

Pana mahali na mimi nasita. Ile Ipomoea pes-caprae inayotambaa mchangani yenye maua ya zambarau, mbegu zake huelea baharini, na imo fukwe za joto dunia nzima. Kwao wapi? Na mkilua, uliopewa jina la kitaalamu Mkilua fragrans na Bernard Verdcourt mwaka 1970, makao yake ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, lakini huu wa uani kwa shangazi umepandwa kwa mkono. Mimi nauhesabu wa asili. Wenzangu wanakataa, na hoja yao ina uzito: mti wa pwani si lazima uwe mti wa kisiwa.

Asumini ya vijani vitatu haina ubishi huo. Ukisafisha kiwanja maweni, iache.