Chatu Mchanga Anapokoroma: Maswali na Majibu

Chatu anayefugwa zaidi majumbani huko Ulaya na Marekani ni mzaliwa wa Afrika Magharibi, Python regius, yule anayejikunja duara akiogopa. Familia nyingi humnunua angali mdogo, na ugonjwa unaomsumbua sana ni maambukizi ya njia ya hewa.

Anatoa mlio akipumua. Ni mafua tu?

Kwanza tazama ngozi. Akikaribia kujivua gamba, pua huziba kidogo na mlio husikika; gamba likishatoka, mlio huisha. Ukiendelea, au ukiona mapovu mdomoni, kamasi nzito, mdomo wazi, au kichwa kimeinuliwa juu muda mrefu, huyo ni mgonjwa. Nyoka hana ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kwa hiyo hawezi kukohoa kama sisi. Kamasi hubaki ndani na kushuka mapafuni. Ndiyo maana mimi sikubali neno "mafua" hapa: linamfanya mtu asubiri, na kusubiri ndiko kunakomwua nyoka.

Ameupataje ugonjwa huu, na hatoki nje?

Mara nyingi ni baridi ya kasha lake. Mwili wa nyoka hauzalishi joto la kutosha; damu, tumbo na kinga yake vyote hutegemea joto analolipata nje. Chatu huyu anahitaji upande mmoja wa kasha uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili 25 hadi 27, achague mwenyewe. Sebule yenye nyuzi 21 wewe unaiona nzuri. Yeye inamdhoofisha, na bakteria waliokuwa kimya mdomoni mwake wanapata nafasi. Unyevunyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 55 na 70. Matandiko yaliyolowa chepechepe ni hatari, na maranda ya mwerezi pia, kwa sababu mafuta yake huwasha njia ya hewa. Usikisie joto kwa mkono. Weka vipimajoto viwili, kila upande kimoja.

Nifanye nini usiku huu?

Rekebisha joto hadi kiwango hicho, na usiku lisishuke. Tumia kifaa chenye kidhibiti joto; yale mawe ya umeme ya kumpasha nyoka joto huunguza tumbo lake. Muwekee maji safi, usimshikeshike, na umtenge na nyoka wengine. Usimlazimishe kula. Na dawa za binadamu zilizobaki kabatini ziache huko huko.

Daktari atafanya nini?

Tafuta daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao. Atachukua kamasi ipimwe, pengine apige eksirei, kisha aanze antibiotiki ya sindano. Seftazidimu, kwa mfano, hutolewa kila baada ya saa 72, kwa wiki kadhaa. Sindano kwa kawaida huchomwa sehemu ya mbele ya mwili, kwa kuwa damu ya nyuma inaweza kupitia figo kwanza, nazo zikaitoa dawa kabla haijaenea mwilini. Usikatishe dozi mlio ukipungua. Asipopona, omba kipimo cha virusi: mwaka 2014 watafiti walieleza virusi vya nido, vinavyoshambulia njia ya hewa, katika chatu hawa hawa, na havina tiba ya kuviondoa. Hapo kazi inakuwa kumtunza na kuwakinga wengine.

Hajala wiki kadhaa. Niogope?

Mkubwa huweza kukaa miezi bila chakula. Mchanga hana akiba hiyo. Mpime kwenye mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Uzito ukishuka mfululizo, mwambie daktari.

Watoto wangu je?

Nyoka, hata mwenye afya, hubeba salmonela, bakteria wanaomharisha binadamu. Watoto walio chini ya miaka 5 wasimguse. Wengine wanawe kwa sabuni kila mara, na bakuli lake la maji lisioshwe kwenye sinki la vyombo.