Mfumuko ukishuka bei haishuki, jamani nimechoka kurudia

Juzi tena. Nimekaa zangu barazani Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, kahawa mkononi na kipande cha kashata, redio inasoma habari, mtangazaji kasema mfumuko wa bei umeshuka, hajamaliza hata sentensi mzee mmoja kapiga paja: "Waongo hao! Jana tu nimenunua sembe bei ile ile!" Baraza zima likageuka kunitazama mimi, maana wanajua nilivyozunguka miaka na daftari la udadisi wa bei (kuandika bei za sokoni kwa ajili ya takwimu za mfumuko) kwenye masoko ya hapa mjini, kama vile mimi ndo niliyeipandisha hiyo sembe.

Sikujibu. Nikanywa kahawa yangu. Ila nimerudi nyumbani nakuta kwenye simu watu watatu wamenitumia klipu ya habari ile ile na swali lile lile, umeshuka mbona bei haishuki, basi naandika hapa mara moja na atakayeniuliza tena namtumia linki.

Chukua sukari. Tuseme kilo ilikuwa 2,500, mwaka uliofuata ikawa 3,000. Hapo imepanda kwa asilimia 20. Mwaka mwingine ikatoka 3,000 ikawa 3,090, hiyo ni asilimia 3. Mfumuko umetoka 20 mpaka 3, umeshuka, tena umeshuka sana tu, na sukari yako bado imepanda shilingi tisini. Hakuna aliyekudanganya. Ni kama unga wa maandazi, mfumuko ni kasi ya kuumuka, ukiambiwa kasi imepungua maana yake unga unaumuka polepole, sio kwamba umesinyaa umerudi kuwa donge la saa kumi na moja alfajiri. Ili urudi nyuma inabidi mfumuko uwe chini ya sifuri, na hiyo kwa bidhaa zote kwa pamoja siyo kitu cha kukiombea, huwa inakuja na biashara kufa na watu kukosa kazi.

Namba halisi hizi hapa. Wastani wa mfumuko Tanzania mwaka 2022 ulikuwa asilimia 4.3, 2023 ukawa 3.8, 2024 ukawa 3.1. Ulikuwa unashuka, unashuka. Sasa zidisha: kikapu kilichokuwa elfu kumi mwaka 2021 kilitaka kama elfu kumi na moja mia moja na sitini mwaka 2024. Yaani tunatangaziwa "umeshuka" na noti yako inazidi kupungua nguvu. Bei za Tanga sio waja leo waondoka leo, zikija zinajenga. (Waliokuwa na akili zao Desemba 2011 wanakumbuka mfumuko ulipofika asilimia 19.8, hizi za sasa ni upepo tu.)

Na hapa nakiri, lawama nyingine ni yetu sisi wa takwimu. Tunaandika "umeshuka" halafu tunamshangaa mzee kupiga paja. Tungeandika "bei zimeendelea kupanda ila taratibu kuliko mwaka jana", nusu ya ugomvi wa barazani ingeisha. Sasa kichwa cha habari kirefu hivyo nani atakisoma.

Tuje kwenye lalamiko la pili, kwamba "wanapika takwimu". Mfano unaoletwa kila siku ni sukari ya mwanzo wa 2024. Mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa ya viwanda, sukari ikaadimika, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kutegemea mkoa, na mtaani watu wakainunua mpaka elfu nne na zaidi. Kipindi hicho hicho mfumuko wa taifa ukatangazwa asilimia 3.0. Watu wakachanganyikiwa, na mimi nawaelewa. Lakini kwanza, mdadisi haandiki bei elekezi, anaandika bei anayolipa mteja dukani. Pili, wakati sukari inapaa mahindi yalikuwa yanashuka kutoka kule yalikokuwa mwanzo wa 2023. Nani alipiga simu redioni kusema jamani sembe imeshuka? Hakuna. Kikishuka tunakula kimya, kikipanda tunaita mkutano.

Ila kuna jambo hapo mzee wa barazani ana haki nalo kuliko anavyojua mwenyewe, na linanikera zaidi maana hakuna anayeliuliza. Kwenye fahirisi ya bei, yaani kile kipimo cha bei za bidhaa zote kinachotupa mfumuko, kila kundi lina uzito wake, sehemu yake kwenye matumizi yote. Tangu fahirisi ilipofanyiwa marekebisho ikaanza kutumika mwanzo wa 2022, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2, zamani kidogo ilikuwa 38.5. Uzito huo umetoka kwenye utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18. Sasa fungua daftari lako. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga pale Makorora, kati ya elfu kumi anayotumia, saba si inakwenda tumboni? Chakula kikipanda asilimia kumi na vingine vyote vikatulia, taifa litasoma 2.8, yeye mwilini mwake anasoma 7. Zote mbili ni sahihi. Maana ule uzito unapigwa kwa jumla ya fedha zote zinazotumika nchini, anayetumia nyingi anavuta zaidi. Kwenye fahirisi kila shilingi ina kura, sio kila mtu. Anayelipia gari, hoteli na ada ya shule ya bweni ana kura nyingi kuliko wewe na kibaba chako. Huo sio upishi wa takwimu, ndivyo inavyofanyika karibu duniani kote, lakini kuutaja wastani wa taifa halafu kumwambia mama wa mihogo maisha yake yamepanda asilimia tatu, hapana, hiyo sentensi mimi siwezi kuisema nikimtazama usoni.

Sasa fungu. Hapa nivumilieni.

Soko la Mgandini, nyanya za Lushoto, fungu mia tano. Mwezi uliopita mia tano, mwezi huu mia tano, mwaka jana wakati kama huu mia tano. Kijana mgeni kwenye kazi anaandika "500" anasonga mbele, na kwa daftari lake nyanya hazijapanda mwaka mzima. Ndo maana tunatembea na mizani. Nakumbuka mama mmoja nilikuwa namwendea kila mwezi, nafika tu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena na mizani yako? Kila mwezi unapima, hununui, mwisho nyanya zangu zitaniozea kwenye sahani yako."

Napima. Mwezi ule lilikuja gramu 900, mwezi uliofuata 600, fungu lile lile, limepangwa vilevile tatu chini moja juu, ila nyanya zenyewe zimekuwa kama ndimu. Piga hesabu: kilo ilikuwa kama 555 imekuwa 833, imepanda asilimia 50 na hakuna mtu sokoni aliyetamka neno "kupanda". Mama mwenyewe atakuapia hajapandisha. Mkate ni hivyo hivyo, sabuni ya mche hivyo hivyo, kitumbua ndo usiseme.

Kwa hiyo mizani imemaliza tatizo? Ndo hapo. Mimi nikipima mafungu matatu nachukua wastani, lakini hayo matatu nani kayachagua? Kama ni mama, ananipa manono ili asionekane mwizi. Kama ni mimi, jicho linaenda kwenye la mbele, na la mbele siku zote ndo limepambwa. Halafu kuna nyongeza. Mteja wake wa siku zote anasema "niongezee basi mama", anapata nyanya mbili juu. Mimi wa mizani sipewi nyongeza, na mambo yakiwa magumu kitu cha kwanza kufa sokoni ni nyongeza. Hiyo nayo ni bei imepanda na haionekani kwenye daftari langu wala la mtu mwingine. Kuna siku nimepima mchele kwa kopo la muuza nikagundua kopo limebonyezwa kitako kwa ndani, kazi safi kabisa, huwezi kujua mpaka uingize kidole. Nilikuwa nimeshaandika hiyo bei miezi miwili kwa kuamini ni kopo zima. Nilifuta? Nilisahihisha wa mwezi ule tu, ile miwili ya nyuma ilishakwenda. Ndo ukweli.

Na Ramadhani. Takwimu ya mwaka inalinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, kwa kalenda ya kizungu. Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Aprili 2024 siku za mwanzo watu wamefunga na Idi imeangukia mule mule, Aprili 2025 Idi ilishapita. Sasa nazi, magimbi, tambi, ndizi mzuzu, kwa mji kama Tanga hizo ndo bei zinazoruka futari ikikaribia, unalinganisha Aprili yenye futari na Aprili ya watu walioshiba. Kitaifa inamezwa haionekani sana. Kwa Tanga peke yake mimi sijawahi kuridhika, nimejaribu kuipigia hesabu zangu mwenyewe mara kadhaa na kila mara napata jibu tofauti.

Mafuta ya gari nayagusa haraka maana huko kelele ni nyingi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, Tanga tuna bei yetu tofauti na Dar na Mtwara kwa sababu kuna meli zinazoshusha hapa hapa bandarini kwetu. Bei ya dunia unayoiona leo kwenye simu sio ya mafuta yaliyopo leo kwenye pampu, yale yalinunuliwa nyuma huko, kwa dola ya wakati huo, halafu juu yake kuna kodi na tozo ambazo nyingine ni kiasi maalumu kwa kila lita, hata mafuta ghafi yakiuzwa kwa bei ya maji ya chumvi tozo iko pale pale. Basi.

Kinachonichekesha ni bodaboda. Lita ikipanda mia mbili, kutoka Ngamiani mpaka Raskazone naongezewa mia tano. Nikamkalisha mmoja chini: "Kijana, tuseme unachoma lita tatu kwa siku, umeongezewa mia sita, unapiga safari ishirini, kila safari shilingi thelathini. Mia tano ya nini?" Akanitazama kwa huruma. "Sasa mshua, thelathini utanipa kwa sarafu gani?"

Na kweli, gani? Sarafu ndogo inayozunguka mtaani ni hamsini, na hiyo hamsini yenyewe ukimpa mtu anaiangalia kama umemtukana. Kwa hiyo bei za mtaani hazipandi kwa asilimia tatu, zinakaa kimya miaka halafu zinaruka. Kitumbua kinakaa mia, kinapungua, kinapungua, mpaka kinakuwa kama kifungo cha koti, siku moja asubuhi kinarudi kikubwa na bei ni mia mbili. Asilimia mia kwa usiku mmoja! Kwenye daftari unaandikaje hiyo? Kama kimerudi na ukubwa mara mbili basi hakijapanda hata senti, kilipanda zamani wakati tunakila. Nimebishana na wenzangu wa fani kuhusu kitumbua mpaka chai ikapoa na hatukukubaliana.

Taarifa ya mfumuko huwa inatoka karibu na tarehe nane ya mwezi. Nishamwambia mama watoto, siku hiyo birika la kahawa lipikwe nyumbani.