Hita haijaungua, imekata

Kila ukifika Julai na baridi ya Arusha, nasikia kuhusu hita ya maji ya kuoga: "Hita imeungua." Juzi ilikuwa zamu ya shangazi yangu pale Sakina. Fundi alishamwambia anunue nyingine. Nikazima swichi kuu, nikafungua kifuniko cha chini: kitufe chekundu kimeruka nje. Nikakibonyeza, kikalia *tak*. Jioni akaoga maji ya moto.

Kukata ni kifaa kujizima chenyewe joto likizidi, kabla hakijaharibika. Basi.

Kuungua ni habari nyingine. Wali ukiungua umeungua, hakuna wa kuurudisha. Nyumba ikiungua unaanza na msingi. Hata kiungulia kimetoka kwenye kitenzi hichohicho, ila sijaona mtu aliyeshikwa na kiungulia akaambiwa atafute tumbo jipya. Upande wa pili tunasema "umeme umekata", "maji yamekata", na hapo hakuna anayeng'oa bomba. Tunajaza ndoo, tunasubiri. Neno limeshakuambia kwamba kitu kitarudi.

Wengine wanaruka kuungua wanaangukia kwenye thamostati: "thamostati imekufa." Jina hilo linaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la joto na la kusimama, na Andrew Ure wa Scotland ndiye aliyepata hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1830. Kazi ya thamostati ni kulisimamisha joto pale ulipolitaka, tuseme nyuzi 60. Huwasha na kuzima kutwa nzima. Kikata joto, yaani kile chenye kitufe chekundu, hakina kazi ya kila siku. Kimepangwa kukata joto likipita kiwango hicho, vinginevyo kimelala, na kikiamka ujue kuna aliyeshindwa kazi: pengine thamostati imeganda haizimi, pengine elementi, kile chuma kinachopasha maji, imevaa ukoko mweupe wa chokaa kama birika la zamani, joto halipati njia ya kuingia kwenye maji.

Binamu yangu aliyeko Minnesota, Marekani, naye alinipigia Januari, nje theluji, akilia kwamba tanuru la kupasha nyumba limeungua. Nikamuuliza: likipoa linawaka tena? Linawaka, dakika chache, linazima. Sasa hapo kimeungua nini? La kwao linapasha hewa, na chujio lilikuwa limeziba kwa vumbi na manyoya ya paka. Hewa haipiti, joto linarundikana ndani, swichi ya usalama inakata moto. Swichi ile hujirudisha yenyewe. Ya hita ya shangazi inasubiri kidole.

Lakini shangazi, kidole kisizoee. Ikikata tena wiki hii usibonyeze, mpigie fundi umwambie hivi: "Hita imekata, mara ya pili." Ukimwambia imeungua, atakuja na mpya begani, na ya zamani ataondoka nayo.