Mitambo ya upepo na dira ya boti

Kwenye bandari ya Goma, wanapopakia boti za Bukavu, unaweza kusikia imani hii: mitambo ya upepo ikisimamishwa kando ya Ziwa Kivu, sumaku zake zitapotosha dira na boti zitakosa njia.

Wazo hili halikuzuka tu. Jenereta za baadhi ya mitambo hiyo zina sumaku kubwa kweli. Ila nguvu ya sumaku hupungua upesi mno: umbali ukiongezeka mara 2, inabaki kama sehemu 1 kwa 8. Mnara wa chuma unaweza kuvuta dira ukiusogelea mita chache. Boti iliyo mbali haiguswi. GPS nayo haitegemei sumaku; husoma setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 hivi. Kinachosumbuliwa hasa ni rada, maana mapanga yanayozunguka hurudisha mawimbi yake.

Jaribu mwenyewe, kama simu yako ina dira. Isogeze kwenye spika ya redio: sindano inaruka. Rudi nyuma hatua 2, inatulia. Kisha iweke juu ya jiwe jeusi la volkano ya Nyiragongo, haya tunayojengea kuta. Lina madini ya chuma, na mara nyingine huvuta sindano kidogo.