Kuchimba chuma kwa kaboni: mashine ndogo ya weldingi inafika wapi?

Tela la trekta likipasuka kwenye weldingi, mafundi wengi hapa Dodoma hupiga weldingi mpya juu ya ufa. Ufa unabaki chini palepale, na tela likirudi Kongwa kupakia magunia ya mahindi linaachia tena. Ufa unatakiwa utolewe wote kwanza, hadi kwenye chuma kizima, ndipo ujaze. Kama ni mfupi, grainda inatosha. Weldingi ikiwa nene, au iko kwenye kona ambako diski haiingii, ndipo watu hutafuta gauji, yaani kuchimba chuma kwa kaboni.

Kijiti cha kaboni kilichopakwa shaba kinashikwa na koleo maalumu lenye matundu ya upepo. Kikigusishwa kwenye chuma, moto wa umeme unayeyusha pale ulipopiga, na upepo wa kompresa unaotoka kwenye koleo unapuliza chuma hicho kabla hakijaganda. Unabaki mfereji. Gesi ya kukatia inaunguza chuma kwa oksijeni, ndiyo maana inashindwa kwenye chuma cha pua kisichoshika kutu (stainless) na chuma cha kalibu (cast iron). Kaboni inayeyusha tu, kwa hiyo zote hizo inazichimba.

Sasa inveta ndogo, yaani mashine nyepesi ya weldingi ya kielektroniki, ile iliyoandikwa ampea 200. Wengi wanaangalia ampea peke yake, na kwa ampea hesabu inakubali: kaboni ya milimita 4 hufanya kazi kati ya ampea 90 na 150. Tatizo liko kwenye volti. Fimbo ya kawaida ya weldingi (elektrodi) ikichomelea kwa ampea 100 inahitaji kama volti 24. Kaboni inataka volti 35 hadi 50, kwa sababu moto wake ni mrefu na upepo unaupuliza muda wote. Inveta nyingi ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya fimbo. Volti ikidaiwa juu ya uwezo wake, moto unakatika. Fundi anawasha, unazima, anawasha tena, anadhani kaboni ni mbovu.

Piga hesabu ya umeme pia. Ampea 120 kwa volti 40 ni wati 4,800 zinazotoka kwenye mashine, na zinazoingia ni nyingi zaidi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 haifiki hata wati 3,000. Usichomeke gauji kwenye soketi ya sebuleni. Iwe na laini yake, waya mnene na breka inayolingana.

Soma na kibao cha mashine. Kikisema asilimia 60 kwa ampea 200, maana yake kati ya dakika 10 unafanya kazi 6 na kuipumzisha 4. Kikiandika asilimia 20, ni dakika 2 tu. Vumbi letu likijaa kwenye feni, hata hizo hazifiki, kwa hiyo ipulize ndani mara kwa mara ukiwa umechomoa umeme.

Kwa maoni yangu, inveta nzuri ya ampea 200 inafaa kutoa weldingi mbovu fupi fupi kwa kaboni nyembamba, basi. Kaboni ya milimita 6 inataka ampea 300 hadi 400, na hiyo ni kazi ya mashine kubwa.

Koleo liwe upande wa chanya, kwa mashine ya DC (umeme wa mkondo mmoja). Transfoma ya AC (umeme wa kupishana) inahitaji kaboni zilizotengenezwa kwa AC. Upepo wa kompresa kwa kawaida ni psi (kipimo cha shinikizo) 80 hadi 100. Koleo dogo linaweza kutosheka na 40, ila kompresa iwe na uwezo wa kuutoa mfululizo. Fungua upepo kabla ya kuwasha. Matundu ya koleo yakae chini ya kaboni, kaboni uilaze kwa nyuzi 35 hadi 45, na usukume kwenda mbele. Ukienda polepole mfereji unakuwa wa kina. Ukiharakisha unakuwa wa juujuu.

Cheche zinaruka mbali sana. Kiangazi, nyasi za uwanjani zimekauka na upepo wa Dodoma hauna huruma, kwa hiyo safisha eneo, weka ndoo za maji, na mtu wa kuangalia wakati wewe uko ndani ya kofia ya weldingi. Ziba masikio, kelele yake ni kubwa kuliko ya grainda. Moshi una shaba na chuma, usiuvute.

Ndani ya mfereji ufa unaonekana kama mstari mwembamba. Chimba mpaka mstari upotee kabisa, kisha tafuta mabaki meusi ya kaboni pembeni. Hayo yakiachwa, kaboni inaingia kwenye weldingi mpya na kuifanya ngumu na yenye kupasuka. Saga mfereji wote kwa grainda mpaka chuma king'ae, ndipo uweke fimbo ya kwanza.