Kuriseti simu iliyojifunga: maana yake, na kwa nini baadaye inauliza jimeili

Mteja akifika kwa fundi simu pale Chikongola, Mtwara, au Mkuti, Masasi, akasema "niriseti hii, nimesahau namba", anachotarajia ni kufuli ifunguke huku picha, meseji na namba za watu zikibaki mahali pake. Kuriseti hakufanyi hivyo. Ni kuifuta simu ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kufuli inaondoka kwa sababu ilichokuwa inakilinda hakipo tena.

Sababu imo ndani ya simu yenyewe. Picha na meseji zako hazikai wazi nyuma ya kioo kama nguo nyuma ya pazia. Zimefichwa kwa hesabu, na ufunguo wa kuzisoma hutengenezwa kwa kuchanganya namba yako ya siri, au patani, na siri nyingine iliyofungiwa kwenye chipu ya simu hiyohiyo. Android zote zilizotoka kiwandani na toleo la 10 au la baadaye ziko hivyo, na iPhone vilevile. Kwa hiyo kuchomoa chipu ya memori na kuipachika kwenye simu nyingine hakusaidii kitu. Na anayekuahidi kufungua simu ya kisasa bila kufuta chochote, muulize kwanza anafanyaje, ndipo mzungumze bei.

Tuwekane sawa kwenye majina, maana mtaani yanachanganywa. Kuriseti ni kufuta vitu vya mtumiaji. Mfumo wa simu unabaki uleule. Kuflashi ni kuandika mfumo upya kwa kompyuta, kazi ya simu iliyogoma kuwaka au inayokwama kwenye nembo. Ukiwekewa faili la modeli isiyo yako, hata kama jina linafanana, kioo kinaweza kukataa kuguswa, mtandao ukapotea, au simu ikafa kabisa. Simu iliyosahauliwa namba tu haihitaji kuflashiwa. Halafu kuna PUK, ambayo haihusiani na simu hata kidogo: hiyo ni kufuli ya laini. Ukikosea PIN ya laini mara 3, inadai PUK. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa na unatakiwa kuirudisha kwa mtandao wako. Tazama vizuri kioo kinadai nini kabla ya kufuta simu nzima kwa kosa la laini.

Wanaosahau mara nyingi ni wale wanaotumia kidole. Miezi inapita simu inafunguka kwa kugusa tu, kisha chaji inaisha, simu inazimika, na ikiwashwa inadai namba. Huo ndio utaratibu wake: baada ya kuwashwa upya, kidole na sura havikubaliwi mpaka namba iingizwe kwanza. Haijaharibika.

Kabla ya kufuta, jaribu yaliyo mepesi. Kama namba umeibadilisha siku hizi mbili tatu na ni mpya ndiyo uliyoisahau, iPhone yenye iOS 17 kuendelea hukubali namba ya zamani ndani ya saa 72 tangu ulipoibadilisha. Kwenye Android, ukikosea mara 5 simu hukusimamisha kwa sekunde 30, na muda huo huongezeka kadiri unavyokosea. Usibonyezebonyeze ovyo. Kaa, andika kwenye karatasi namba unazozoea kutumia, uzijaribu moja moja.

Lakini kazi kubwa kuliko zote hufanyika kabla simu haijaguswa: kuijua akaunti ya Google (jimeili) iliyomo, maana ndiyo simu itakayoiuliza ikishafutwa. Hapa ndipo wengi wa kwetu wanakwama. Simu ilinunuliwa msimu wa korosho, pesa ya mnada imeingia, kijana wa dukani akafungua jimeili palepale ili WhatsApp ipakuliwe, jina akatunga yeye, nenosiri akalijua yeye. Mwenye simu alirudi Newala au Tandahimba hajui kama ana akaunti. Kwa hiyo shika simu nyingine, fungua ukurasa wa kuingia wa Google, chagua kwamba umesahau barua pepe, weka namba ya simu na jina lililoandikishwa. Kama namba hiyo iliunganishwa na akaunti, utatumiwa msimbo kwa meseji; toa laini kwenye simu iliyofungwa uiweke kwenye kitochi ili uupokee. Ukilazimika kubadilisha nenosiri, Google inashauri usubiri saa 24 ndipo uriseti. Ukiharakisha, simu inaweza kulikataa nenosiri jipya ingawa ni sahihi.

Sasa kufuta kwenyewe. Chaji ifike angalau asilimia 70. Toa laini. Toa na memori kadi. Kwa kawaida kuriseti hakuigusi, ila ikiwa ndani ni rahisi kubonyeza pasipotakiwa. Zima simu, kisha shika pamoja kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti mpaka nembo itokee. Tecno, Infinix, itel na Samsung nyingi zinaitika hivyo. Inaweza kutokea picha ya roboti aliyelala na maneno "No command": hilo si kosa, shikilia kitufe cha kuwasha na ugonge mara moja cha kuongeza sauti, menyu itafunguka. Kioo mara nyingi hakiguswi hapa. Unashuka kwa kitufe cha kupunguza sauti na unakubali kwa kitufe cha kuwasha. Shuka hadi "Wipe data/factory reset", kubali, thibitisha, na ikimaliza chagua "Reboot system now". Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa. Usiikatize ukidhani imekwama.

Samsung zina mambo mawili ya ziada. Nyingi hazikubali kuzimwa zikiwa zimefungwa: shika kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa sekunde saba au zaidi, kioo kikiwa cheusi tu hamia haraka kwenye cha kuongeza sauti. Na zile za Android 11 kuendelea haziingii kwenye menyu mpaka ziwe zimechomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Watu wanabonyeza asubuhi hadi jioni wakilaumu vitufe, kumbe kilichokosekana ni waya.

Simu ikiwaka itadai intaneti, kisha itaandika kwamba kifaa kilirisetiwa na kitauliza namba ya zamani au akaunti iliyokuwemo. Hiyo ndiyo FRP ya mafundi, yaani kinga ya simu iliyorisetiwa, iliyoanza na Android 5.1 mwaka 2015. Kumbukumbu yake hukaa kwenye kijisehemu cha hifadhi ambacho ufutaji wa menyu haukifikii. Shabaha ni mwizi: aliyeiba simu stendi ya Lindi aweze kuifuta lakini asiweze kuitumia. Bahati mbaya simu haina namna ya kumtofautisha mwizi na mwenye mali aliyesahau. Ukiona simu ya jirani ilirisetiwa na haikuuliza kitu, ama haikuwa na akaunti ya Google, ama haikuwekwa kufuli ya kioo, ama ilifutwa kupitia setingi na mtu aliyeijua namba.

Kuna wanaouza huduma ya kubaipasi, yaani kuiruka hiyo FRP. Njia hizo hutegemea mwanya uliobaki kwenye toleo fulani la Android, na kila sasisho huziba kadhaa. Android 15 imekaza zaidi. Mwenye risiti na boksi lenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inayolingana na ya simu aende kwanza kwa kituo cha huduma cha kampuni iliyotengeneza simu. Fundi akitaka kugusa IMEI yenyewe, chukua simu yako uondoke: kuibadilisha ni kosa la jinai.

Kwa iPhone hadithi ni ileile kwa sura nyingine. Yenye iOS 15.2 au zaidi na intaneti inaweza kufutwa kwenye kioo hichohicho cha kufuli kwa nenosiri la akaunti ya Apple. Ikishindikana ni kompyuta, na kompyuta itapakua mfumo wa gigabaiti kadhaa. Upakuaji ukizidi dakika 15 simu hujitoa yenyewe kwenye hali ya urejeshaji (recovery), ile inayoiruhusu kompyuta kuiwekea mfumo. Acha faili limalizike, kisha uiingize upya. Kwa bando la simu huko Liwale hilo ni jambo la kupanga mapema. Na mwisho wake bado itadai akaunti ya Apple.

Kuhusu pesa, tulia. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa zipo kwenye mtandao, hazikai ndani ya simu; weka laini kwenye kitochi, piga menyu kama kawaida, salio lipo. Namba zilizohifadhiwa kwenye laini zipo. WhatsApp itarudi kama bekapu ilikuwa inakwenda kwenye akaunti ya Google. Iliyokuwa kwenye simu peke yake imekwenda na simu. Picha hivyohivyo.

Simu ya mkopo iliyojifunga kwa sababu ya deni ni jambo jingine. Kufuli ile ni ya mkopeshaji, na ukiriseti itajirudisha mara tu simu ikipata intaneti. Hapo kinachofungua ni malipo, na utakuwa umefuta picha zako bure.