Dhuluma za zamani na maumivu yasiyokoma: maswali na majibu

Je, unyanyasaji wa utotoni unaweza kuuma mwilini miaka 20 baadaye?

Unaweza. Mwaka 1998 Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia madhila mengi utotoni, ndivyo uwezekano wake wa kuugua ukubwani ulivyoongezeka. Tafiti za baadaye zimeona uhusiano kama huo katika uchovu sugu na katika faibromayaljia, yaani maumivu ya kudumu yanayosambaa mwili mzima. Mtoto anayelala akisikiliza hatua za mlevi kwenye ngazi, mwili wake haupumziki: misuli hukaza, moyo huenda mbio, na homoni za hofu, kama kotisoli, hupanda. Hali hiyo ikidumu, mfumo wa neva huweza kuzoea kukuza kila ishara, hata mkanda wa mkoba begani ukauma kama kidonda, na usingizi wa saa nane usimwondolee mtu uchovu.

Kwa hiyo maumivu yangu ni mawazo tu?

La, hasha. Wapo akina mama wanaozunguka kliniki za Nairobi na bahasha ya eksirei kwapani, kila mahali wakiambiwa hawana kitu, wana mawazo mengi tu. Jibu hilo si sahihi, nalo humuumiza mtu mara ya pili. Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi jinsi neva zinavyopeleka maumivu.

Je, kila mwenye uchovu sugu alidhulumiwa?

Hapana, na wengi waliodhulumiwa hawaugui hivyo. Ndiyo maana daktari hapaswi kuacha kupima upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI kwa sababu tu amesikia habari za kipigo.

Nitapata wapi msaada?

Nchini Kenya, nambari 1195 ya msaada kwa manusura wa ukatili wa kijinsia hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta nayo huwahudumia manusura wa ukatili wa kijinsia. Ushauri nasaha na mazoezi mepesi huwafaa wengi wenye faibromayaljia, lakini mwenye uchovu sugu anayelala kitandani siku mbili baada ya kufua nguo jioni moja tu asilazimishwe mazoezi, kwani yanaweza kumzidishia ugonjwa.

Lazima nimweleze daktari yote?

Si lazima. Sentensi moja yatosha: “Nilipigwa sana nikiwa mdogo, tafadhali niambie kabla ya kunigusa shingoni.”